Upele Hujificha Mwezi Mzima Kabla ya Kuwasha

Kuna nyumba ambazo usiku hazilali. Taa imezimwa, watoto wamelala watatu kwenye mkeka mmoja, na mara unasikia: kwaru, kwaru, kwaru. Mmoja anajikuna katikati ya vidole. Wa pili anajikuna kiunoni. Mama naye, chumba cha pili, anajikuna chini ya matiti na kunyamaza, maana anaona haya kusema.

Kukicha, mama anamchukua yule mtoto aliyezidiwa, anakwenda naye zahanati.

"Shikamoo, daktari."

"Marahaba, mama. Mtoto ana nini?"

"Ana upele. Mwezi uliopita ulinipa ile dawa nyeupe. Nikampaka, akapona kabisa. Sasa umerudi. Nadhani dawa yenu imekwisha nguvu."

"Ulimpaka nani?"

"Nilimpaka huyu huyu mgonjwa."

"Na wenzake anaolala nao?"

"Aa, wale walikuwa hawawashwi."

Wale walikuwa hawawashwi. Hapo ndipo penye jambo. Mama huyu hakufanya uzembe. Alifanya kama mtu yeyote mwenye akili: dawa hupewa mgonjwa, mzima haitaki. Kwa magonjwa mengi hesabu hiyo ni sawa. Kwa upele haikubali. Na sababu yake ilijulikana vizuri pale watu fulani walipokubali kuambukizwa upele kwa makusudi, wakakaa nao, wakakuna, huku mtaalamu anawatazama na kuandika. Tutafika huko. Kwanza tumtazame mdudu mwenyewe.

MDUDU ANAYECHIMBA

Upele hautokani na damu chafu. Hautokani na kurogwa. Wala si lazima mtu awe mchafu ndipo aupate. Anayeoga mara mbili kwa siku huupata vilevile, kwa kuwa sabuni haimuui mdudu huyu.

Mdudu wa upele ni jamaa ya utitiri wa kuku na kupe wa ng'ombe. Ana miguu minane. Chukua rula ya mtoto wa shule, utazame nafasi ndogo kabisa, ile ya milimita moja. Katika nafasi hiyo majike watatu wanaweza kupanga foleni. Ndiyo maana hatumwoni. Mwenye macho makali sana ataona kama nukta nyeupe, basi.

Jike huchimba ngozi ya juu kama fuko achimbavyo shambani. Anatengeneza njia nyembamba, imepinda pinda, na humo ndani anataga mayai mawili au matatu kila siku. Anaishi hivyo mwezi mmoja, pengine hata miwili. Mayai huanguliwa baada ya siku tatu au nne. Watoto hupanda juu ya ngozi, na kwa muda wa wiki mbili hivi wamekwisha kuwa wakubwa, nao wanatafuta mahali pa kuchimba. Wanapenda palipo laini na penye mikunjo: katikati ya vidole, kwenye vifundo vya mikono, makwapani, kiunoni, matakoni, sehemu za siri, na kwa akina mama kwenye matiti. Kwa mtoto mchanga huenda hata kichwani, viganjani na nyayoni.

Sasa sikiliza neno hili, maana ndilo la kushika. Kinachowasha si kule kuchimba. Kinachowasha ni mwili wako unapoukataa uchafu wa mdudu, mate yake na mayai yake. Na mwili hauanzi kukataa siku ile ile. Unahitaji muda wa kumtambua adui.

AKINA MAMA WALIJUA KABLA YA MADAKTARI

Mwaka 1687, katika mji wa bandari wa Livorno nchini Italia, daktari Giovanni Cosimo Bonomo aliandika barua akieleza jambo alilolichunguza pamoja na rafiki yake Diacinto Cestoni, muuza dawa. Walikuwa wamesikia kwamba wanawake maskini huwatoa wadudu wadogo kwenye ngozi za watoto wao wenye upele, kwa ncha ya sindano, kama sisi tutoavyo funza. Bonomo akamtazama mdudu huyo kwa darubini ya kukuzia vitu vidogo, akamchora, akasema: huyu ndiye anayeleta upele.

Unadhani wakubwa walikubali? Hawakukubali. Madaktari wa Ulaya waliendelea kwa zaidi ya miaka 100 kusema upele unatoka ndani ya mwili, kwenye damu iliyochafuka. Wagonjwa walipewa dawa za kuharisha, wengine walitolewa damu. Mdudu wakamwacha ale raha yake.

Mwaka 1812 mwanafunzi mmoja mjini Paris, jina lake Galès, alitangaza kwamba amemwona mdudu wa upele, akatoa na picha. Wenzake walipomtafuta mdudu huyo kwa wagonjwa wao hawakumpata. Baadaye ikajulikana kwamba ile picha ilikuwa ya mdudu wa jibini, ile inayotengenezwa kwa maziwa yaliyogandishwa. Aibu iliyoje! Watu wakazidi kuona kwamba habari ya mdudu ni hadithi tu.

Ikafika mwaka 1834. Katika hospitali ya Saint-Louis, hapo hapo Paris, alikuwapo mwanafunzi mwingine wa udaktari, Simon François Renucci. Yeye alizaliwa katika kisiwa cha Corsica, na huko kwao alikuwa akiwaona akina mama wakiwatoa wadudu wa upele kwa sindano. Akachukua sindano, akamtoa mdudu mbele ya walimu wake. Kumbe kosa lao lilikuwa dogo sana. Wao walimtafuta ndani ya vipele vyenye maji, na mdudu hakai humo. Anakaa mwisho wa njia aliyoichimba, pembeni kidogo. Akina mama wa Corsica walijua, na hawakuwa wamesoma kitabu chochote cha udaktari.

Mimi habari hii huipenda. Kuna mambo mengi ambayo mama wa kijijini ameyaona kwa macho yake, ila hakuna aliyemwuliza.

WATU 12 WA SHEFFIELD

Lakini kumjua mdudu si kujua anavyoambukiza. Wakati wa vita kuu ya pili upele ulienea sana Uingereza. Watu walirundikana katika mahandaki na makambi, na askari wengi wakawa hawalali kwa kujikuna. Wakubwa waliamini kwamba upele unaambukizwa na mablanketi na nguo za ndani. Basi mablanketi ya askari yakawa yanakusanywa na kutiwa katika mitambo ya moto ili wadudu wafe. Kazi kubwa, gharama kubwa, na upele haukupungua.

Mwaka 1941 mtaalamu wa wadudu aitwaye Kenneth Mellanby aliomba ruhusa ya kufanya uchunguzi katika mji wa Sheffield. Alihitaji watu wa kujaribiwa. Akapata vijana 12 waliokataa kwenda vitani kwa sababu dhamiri zao ziliwakataza kuua. Walikuwa tayari kuitumikia nchi yao kwa njia nyingine. Wakaambiwa kazi yenyewe: kupata upele. Wakakubali. Hawakulazimishwa.

Kwanza walipewa nguo za ndani zilizotoka kuvuliwa na askari wenye upele, bila kufuliwa, wakazivaa siku kadhaa. Kisha wakalala uchi ndani ya mablanketi ya wagonjwa, yakiwa bado na joto lao. Wiki zikapita. Ajabu! Karibu wote hawakupata kitu. Jaribio likarudiwa na kurudiwa, na walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno.

Ndipo baadhi yao walipolala kitanda kimoja na askari wenye upele, ngozi kwa ngozi, usiku kucha. Hapo upele ukaingia. Yaani mdudu anapenda kupita kutoka ngozi yenye joto kwenda ngozi yenye joto, bila haraka. Kushikana mkono mara moja unaposalimiana si hatari kubwa. Kulala pamoja, kumbeba mtoto mgongoni kutwa, kuuguza mtu na kumgeuza kitandani, hizo ndizo njia zake.

Jambo la pili ndilo linalomhusu mama wetu wa zahanati. Wale vijana walioambukizwa hawakuwashwa. Mellanby aliwaona wadudu kwa kioo cha kukuzia, aliona njia zao zikirefuka siku hadi siku, lakini mwenye ngozi hana habari! Analala vizuri, anakula vizuri. Ilipita karibu mwezi mmoja ndipo kuwasha kulipoanza, kidogo kidogo. Baada ya hapo usingizi ukapotea.

Mellanby akawatibu baadhi yao wakapona, kisha akawaambukiza mara ya pili. Safari hii hawakungoja mwezi. Siku moja tu, wakaanza kujikuna. Mwili ulikuwa umekwisha kumjua adui.

Jambo la tatu litakushangaza. Katika uchunguzi huo walihesabiwa wadudu kwa wagonjwa zaidi ya 800. Wastani wa majike kwa mtu mmoja ulikuwa kama 11. Zaidi ya nusu ya wagonjwa walikuwa nao watano au pungufu. Mtu anajikuna mwili mzima kana kwamba ana jeshi ngozini, kumbe ana wadudu watano! Na wengi wao wako mikononi na kwenye vifundo vya mikono.

Haya, turudi zahanati. Mtoto mgonjwa alipakwa dawa akapona. Wenzake wawili wa mkeka ule ule tayari walikuwa na wadudu, ila mwezi wao haujatimia. Hawawashwi, hawakupakwa. Usiku wakaendelea kulala pamoja, na wadudu wakamrudia aliyepona. Dawa haikuisha nguvu. Ilipakwa mtu mmoja, na ugonjwa ulikuwa wa nyumba nzima.

MGONJWA WA AJABU KUTOKA NORWAY

Kuna upele mwingine usio wa kawaida. Mwaka 1848 madaktari wawili wa Norway, Danielssen na Boeck, waliokuwa wakichunguza ukoma, waliandika habari za wagonjwa wenye magamba mazito ngozini. Mikono ilifunikwa na magamba kama gome la mti. Walipochukua magamba hayo na kuyatazama kwa darubini, wakakuta yamejaa wadudu wa upele, wazima na waliokufa. Hawakuwa watano wala 11. Walikuwa maelfu. Leo tunajua mgonjwa mmoja wa namna hiyo anaweza kuwa na wadudu hata milioni.

Kwa nini? Huyu ni mtu ambaye mwili wake umeshindwa kupigana. Anaweza kuwa mzee dhaifu sana, au mwenye virusi vya UKIMWI asiyepata dawa, au mgonjwa wa ukoma ambaye ngozi yake imekufa ganzi na vidole haviwezi kukuna. Mtu mwenye nguvu zake hujikuna, na kwa kujikuna huwatoa wadudu wengi. Huyu hakuni, na mara nyingi hawashwi sana. Wadudu wanazaana bila kusumbuliwa.

Kwa hiyo nyumbani watu humwona babu ana magamba mikononi, wanasema ni uzee, au ni ukurutu. Kumbe yeye ndiye ghala. Kila mjukuu anayemsaidia kuvaa anaondoka na mbegu. Kwa mgonjwa huyu mablanketi na shuka ni hatari kweli, maana magamba yaliyoanguka yamebeba wadudu hai. Ikiwa nyumba yenu imepakwa dawa mara mbili tatu na upele unarudi tu, tazameni kama yuko mtu mwenye ngozi ya namna hiyo. Asifichwe wala asitengwe. Apelekwe hospitali, kwa sababu dawa ya kupaka peke yake mara nyingi haimtoshi.

KUTOKA NGOZINI HADI FIGO

Wengine husema upele ni ugonjwa wa kuchekesha tu, hauui mtu. Tena tuna msemo wetu, upele umempata mkunaji. Lakini kucha huchana ngozi, na mahali palipochanika huingia vijidudu vingine vya kuleta usaha. Baadhi yao huweza kuleta madhara katika figo, wiki chache baada ya vidonda kuanza. Mtoto anaamka uso umevimba, hasa kuzunguka macho. Mkojo unakuwa mchache, wenye rangi ya chai ya rangi. Ukiona hivyo usingoje siku ya kliniki. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wakati wowote ule watu zaidi ya milioni 200 duniani wana upele. Mwaka 2017 shirika hilo liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa.

DAWA YA KUMEZA: FIJI NA ZANZIBAR

Katika visiwa vya Fiji, bahari ya Pasifiki, upele ni mwingi mno. Mwaka 2012 watafiti walianza jaribio kubwa lenye watu 2,051. Waliwagawa katika mafungu matatu, kila fungu katika visiwa vyake. Fungu la kwanza lilitibiwa kama kawaida: anayeonekana na upele apakwe dawa, pamoja na jamaa zake wa karibu. Fungu la pili walipakwa dawa watu wote, wagonjwa na wazima. Fungu la tatu watu wote walipewa vidonge vya ivermectin wameze, isipokuwa watoto wadogo na wajawazito, ambao walipakwa.

Baada ya mwaka mmoja wakahesabu tena. Katika fungu la kwanza, kila watu 100, wenye upele walitoka 37 wakafika 19. Katika fungu la pili walitoka 42 wakafika 16. Katika lile la vidonge walitoka 32 wakabaki wawili. Wawili tu! Vidonda vya usaha navyo vikapungua sana.

Hata kwetu jambo hili liliwahi kuonekana, tena bila kutafutwa. Kuanzia mwaka 2001, Unguja na Pemba, wananchi waligawiwa mara moja kwa mwaka vidonge vya ivermectin pamoja na albendazole ili kuzuia matende. Hakuna aliyekuwa akifikiria upele. Baadaye watafiti walipopekua daftari za vituo vya afya, wakakuta waliokuja kutibiwa upele wamepungua kwa wingi mno. Dawa ya matende ilikuwa imewafagia na wadudu wa ngozi.

Lakini tahadhari. Wafugaji wanaijua ivermectin kwa jina la sindano ya ng'ombe ya minyoo na kupe. Ile imepimwa kwa uzito wa ng'ombe. Usiinywe, usimpake mtoto. Vidonge vya binadamu hutolewa na mganga wa hospitali kwa kupima uzito, na kwa kawaida hawapewi wajawazito wala watoto wenye uzito chini ya kilo 15. Huko misitu ya Kongo, kwenye minyoo ya macho iitwayo loa loa, dawa hii huweza kumdhuru sana mwenye minyoo hiyo mingi, kwa hiyo lazima daktari aulizwe kwanza.

SIKU YA KUPAKA

Katika zahanati nyingi dawa iliyopo ni ile nyeupe kama maziwa, benzili benzoeti. Penginepo hutolewa mafuta ya salfa. Wazee wa pwani waliita salfa "kiberiti upele", na jina hilo linaonyesha walivyoitumia.

Chagueni jioni moja ambayo watu wote wapo. Baba asiseme yeye ana kazi nyingi. Anayelala nyumbani humo apakwe, awashwe asiwashwe. Ogeni, mjifute mkauke. Kisha dawa ipakwe kuanzia shingoni hadi nyayoni, si pale panapowasha tu. Katikati ya vidole, chini ya kucha zilizokatwa, kitovuni, makwapani, matakoni, sehemu za siri, kote. Mtoto mchanga apakwe na kichwani, ila dawa isiingie machoni wala mdomoni, na avalishwe soksi mikononi asije akailamba. Dawa ya mtoto huchanganywa na maji kwanza, kwa hiyo mwulize mwuguzi kipimo chake, na ikae saa ngapi kabla ya kuoga. Ukinawa mikono, paka tena mikono. Wengi husahau hilo, na mikononi ndiko wadudu walipo.

Nguo na shuka za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Blanketi zito lisilofulika lifungwe katika mfuko wa nailoni wiki moja. Mdudu wa upele akikosa mwili wa mtu hufa baada ya siku chache. Baada ya wiki moja, au kama mtakavyoelekezwa, pakeni tena wote, kwa ajili ya watoto walioanguliwa baadaye.

Kisha kuna jambo ambalo huwavunja watu moyo. Mkishapaka, kuwasha hakukomi siku hiyo. Wadudu wamekufa, lakini miili yao na uchafu wao bado umo ndani ya ngozi, na mwili unaendelea kuukataa. Kunaweza kuendelea wiki mbili, hata nne, huku kukipungua. Wengine wakiona hivyo hupaka dawa kila siku, ngozi inaungua, inawasha zaidi, nao wanapaka zaidi. Msifanye hivyo. Hesabuni siku. Zikipita wiki nne na bado vinatoka vipele vipya, rudini zahanati, na safari hii nendeni nyumba nzima.